Je, wajua kwa nini spika ile ile hubadilika sauti ukiisogeza kidogo tu?

Weka wimbo unaoujua vizuri, wenye besi ya kutosha, kisha tembea polepole chumbani bila kugusa kitufe chochote. Ukisimama karibu na ukuta, besi inavuma hadi kifua kinatetemeka. Ukifika katikati ya chumba inakonda, kama vile mpiga gita la besi ametoka nje. Spika ni zile zile na wimbo ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali ulipo, na jambo hilo hilo hutokea spika inapohamishwa.

Sababu yake imo katika urefu wa mawimbi. Kwenye joto la nyuzi 20, sauti husafiri hewani karibu mita 343 kwa sekunde. Noti nzito ya mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi la karibu mita 7, ambalo vyumba vingi vya kuketi haviwezi kulilaza chini. Sauti nyembamba ya mitetemo 10,000 ina wimbi la sentimita tatu na nusu hivi. Ndiyo maana sauti nyembamba hutoka kwenye spika ikielekea mbele, mfano wa mwanga wa tochi, ilhali besi huenea pande zote, hulizunguka kasha la spika, hugonga ukuta wa nyuma na kurudi.

Hapo ndipo mambo yanaponoga. Spika ikiwa imekaribia ukuta sana, besi inayorudi huungana na ile inayotoka, zikisukuma hewa kwa pamoja. Ukuta mmoja unaweza kuongeza hadi desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) kwenye besi, na kona, yenye kuta mbili pamoja na sakafu, huongeza zaidi. Spika ndogo yenye besi haba inaweza kunufaika. Spika kubwa ikiwekwa hapo besi yake huwa nzito kupita kiasi, ikayafunika maneno ya mwimbaji.

Sasa ivute spika hiyo hadi sentimita 85 kutoka ukutani. Besi inakwenda sentimita 85 na kurudi sentimita 85, jumla mita 1.7. Hiyo ni nusu ya wimbi la mitetemo 100 kwa sekunde. Kwa hiyo wimbi linarejea likivuta wakati koni, ile sehemu ya spika inayotetema, inasukuma, na mawili hayo yanafutana. Noti hiyo inafifia, kama kwamba pana shimo kwenye besi. Wengi hukimbilia kuongeza besi kwenye amplifaya, lakini haisaidii, kwa kuwa ukiongeza nguvu ya wimbi linalotoka umeongeza pia ya lile linalorudi kulifuta. Dawa ni kuisogeza spika. Kwa sentimita 50 shimo hilo linapanda hadi karibu mitetemo 170. Kwa mita 1.2 linashuka hadi karibu 70. La kuepuka kabisa ni kuiweka umbali ule ule kutoka ukuta wa nyuma na wa pembeni, maana mashimo mawili yatakuwa kwenye noti moja.

Chumba chenyewe nacho kina noti zake. Kati ya kuta mbili zilizoachana mita 5, noti ya mitetemo 34 hivi hujisimamisha: ina nguvu kwenye kuta na karibu inatoweka katikati. Kochi lililowekwa katikati kabisa ya chumba liko pabaya. Chumba cha mraba kina tabu zaidi, kwa sababu urefu na upana hukazia noti zile zile.

Kwa wenye sabufa kuna mbinu ninayoipenda mno. Iweke sabufa pale unapoketi, washa muziki wenye besi, kisha tambaa sakafuni kandokando ya kuta ukisikiliza. Palipo na besi iliyotulia, kila noti ikisikika sawasawa, ndipo pa kuiweka. Inafanya kazi kwa sababu njia ya sauti kutoka kochini hadi hapo ni ile ile ya kutoka hapo hadi kochini.

Kuhusu stereo, mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya mfumo wa sauti ya njia mbili mwaka 1931. Lengo ni spika mbili zimdanganye msikilizaji aone mwimbaji amesimama katikati yake, mahali pasipo na kitu. Ili hilo litokee, spika na kichwa chako vifanye pembetatu yenye pande sawa, na tweta, yaani vispika vidogo vya sauti nyembamba, ziwe kimo cha masikio. Ukikaa karibu zaidi na spika moja, mwimbaji anahamia upande huo, kwa kuwa ubongo huamini sauti iliyotangulia kufika. Mjerumani Helmut Haas alilieleza jambo hili mwaka 1949. Na ikiwa mwimbaji hana mahali maalumu na besi imepotea, kagua nyaya nyuma: huenda chanya na hasi zimepishana kwenye spika moja, hivyo moja inasukuma huku nyingine inavuta.

Zulia na mapazia mazito hupunguza sauti kali inayoruka kutoka sakafuni na kwenye kuta tupu. Besi haizuiliki kwa kitambaa.

Vipi kuhusu kununua vifaa vipya? Kutoka wati 50 hadi 100 unapata desibeli 3 tu, tofauti ndogo; ili sauti isikike maradufu unahitaji karibu wati mara kumi. Mimi ningetanguliza stendi imara, kisha spika bora, na amplifaya ije mwisho.

Kabla ya hapo, bandika kipande cha tepu sakafuni kuonyesha spika ilipo sasa. Isogeze sentimita 10, sikiliza wimbo ule ule kwa sauti ile ile, kisha isogeze tena. Mwimbaji atakapotulia katikati na kila noti ya besi ikahesabika, bandika tepu ya pili.