Kioo cha Gari Kikikataa Kupanda: Pima Kabla ya Kulipa

Wenye magari wengi wanaofika kwenye karakana ya chuo chetu hapa Malindi huja na karatasi ya makadirio mkononi: kioo cha mlango kimegoma, wakala mmoja wa magari wa Mombasa amewaambia mota na rigyuleta, yaani mtambo unaopandisha kioo, vibadilishwe pamoja, na bei iliyoandikwa inawakosesha usingizi. Uchungu wao nauelewa, kwa maana mara nyingi kilichoharibika ni kitu kidogo kuliko kile wanachouziwa.

Umeme wa dirisha hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, swichi na nyaya hadi kwenye mota, nayo mota huendesha rigyuleta inayopandisha kioo ndani ya reli zake. Kabla ya kumwita fundi, hakikisha kitufe cha kuzuia swichi za madirisha mengine, kilicho upande wa dereva, hakijabonyezwa. Kisha, usiku, washa taa ya ndani, ubonyeze swichi ya dirisha na utazame. Taa ikififia kidogo huku kioo kimetulia, umeme unafika, ila mota au kioo kimekwama. Ukisikia mota inazunguka ilhali kioo hakisogei, rigyuleta imekatika waya au imevunjika kishikizo cha plastiki. Kukiwa kimya na taa isibadilike, anza na fyuzi, swichi na nyaya. Hapo bado hakuna sababu ya kuishtaki mota.

Sisi wa pwani tuna adui wa ziada. Gari moja lililoletwa kwetu lilikuwa limeandikiwa mota mpya, lakini tulipouvuta ule mpira mweusi unaopitisha nyaya kati ya mlango na bodi, tulikuta waya mmoja umekatika ndani ya ganda lake, shaba imegeuka kijani na kuwa unga kwa chumvi. Nyaya hizo hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na unyevu wa bahari humalizia kazi. Tukauunga kwa kuuchomea risasi, tukaufunika vizuri, na kioo kikapanda kwa mota ileile.

Linalonisikitisha zaidi ni watu kulipia ubovu usiokuwepo. Nyaya za betri zikifunguliwa, magari mengi ambayo kioo chake hupanda chenyewe kwa mguso mmoja husahau kikomo cha kioo. Mara nyingi inatosha kukipandisha hadi juu na kuendelea kushikilia swichi kwa sekunde chache, kama kitabu cha gari kinavyoeleza.

Wakala naye ana hoja zake: hutoa dhamana, na baadhi ya watengenezaji huuza mota na rigyuleta kama spea moja. Hata hivyo, Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata taarifa anazohitaji, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamtaka mwenye gereji atoe makadirio kabla ya kazi na kumkataza kuyapita kwa zaidi ya asilimia 10. Yadai kwa maandishi, gharama ya spea kando na ya ufundi kando, na uulize ni kipimo gani kilichoonyesha kuwa mota imekufa. Asiyeweza kujibu swali hilo bado hajaligusa gari lako.

Ukiamua kumpa kazi fundi wa jirani, simama naye anapofunga mlango. Ile karatasi ya nailoni iliyo nyuma ya ubao wa mlango ni lazima ibandikwe upya pande zote, kwa sababu ndiyo inayoyaelekeza maji ya masika kwenye matundu ya chini yasiingie kwenye zulia.