Kwa nini milima ya Makete na Udzungwa ina watu wachache

Tangu mashamba ya misindano, milingoti na parachichi yaanze kuwavutia wanunuzi wa mijini, ofisi zinazoshughulikia ardhi katika Nyanda za Juu Kusini zimekuwa zikipokea malalamiko mengi kuhusu viwanja na mashamba ya milimani. Walalamikaji wengi huanza na swali moja: iweje milima hii ibaki tupu ilhali kwingine watu wanagombea robo ekari? Swali hilo ni halali. Lakini jibu ambalo wengi wamejipa tayari, kwamba wenyeji hawajui thamani ya ardhi yao, si kweli.

Mlima peke yake haufukuzi watu. Kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi, vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, vimegusana kwa sababu udongo ni wa volkano, mvua ni nyingi na mifongo, yaani mifereji ya jadi, hufikisha maji hadi shambani. Usambara na Uluguru nako kumejaa. Hali hubadilika kadiri mtu anavyopanda, kwa kuwa joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila mita 1,000. Uwanda wa Kitulo, ulioko kwa sehemu kubwa wilayani Makete, uko kwenye mita 2,600 hivi, na kati ya Juni na Agosti umande huganda na kuwa jalidi. Alfajiri shamba la viazi mviringo huonekana jeupe, na jua likishapanda majani huwa meusi na kulegea kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Mgomba haustawi huko, na mahindi huchukua miezi mingi zaidi kukomaa kuliko bondeni. Familia inayotegemea viazi, ngano na pareto huhitaji eneo kubwa kuliko familia yenye kihamba, kwa hiyo nyumba kuwa mbalimbali si uzembe wa mtu. Udzungwa kikwazo ni kingine: miamba yake ni ya kale, haina rutuba ya volkano, na upande wa bonde la Kilombero mteremko ni mkali mno kuhimili jembe.

Historia nayo ina sehemu yake. Wakati wa Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, Wajerumani walichoma vyakula na mashamba, na njaa iliyofuata iliangamiza watu wengi kusini, wakiwemo Wapangwa wa milima ya Livingstone. Kisha Operesheni Vijiji ya mwaka 1973 hadi 1976 iliwakusanya watu waliokuwa wametawanyika na kuwaweka karibu na barabara. Watu pia wamehama kwa hiari: Wakinga wa Makete wanajulikana kwa biashara kuanzia Mbeya hadi Kariakoo, na sensa zilionyesha wakazi wa wilaya hiyo wakipungua kutoka takriban 106,000 mwaka 2002 hadi takriban 97,000 mwaka 2012. Aliyehama hajatupa shamba lake. Kichaka cha mianzi ya kugema pombe ya ulanzi kilichopandwa kando ya mahame kina mwenyewe, hata kama mwenyewe anafanya biashara ya duka Dar es Salaam.

Sehemu nyingine hazina watu kwa mujibu wa sheria. Sehemu ya milima ya Udzungwa ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1992 na Kitulo mwaka 2005, na Mpanga-Kipengere ni pori la akiba. Vijito vya milima ya Kipengere na Uporoto huingia Usangu na kuulisha mto Ruaha Mkuu, ambao maji yake hufika Mtera na Kidatu kuzalisha umeme. Kuliita eneo la namna hiyo pori lisilotumika ni kosa.

Kuhusu utaratibu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, lakini inaikataza kugawa ardhi au kutoa hakimiliki ya kimila bila idhini ya awali ya mkutano mkuu wa kijiji. Ombi huwasilishwa kwa fomu, na halmashauri inatakiwa kulitolea uamuzi ndani ya siku 90. Mwenyekiti peke yake hana mamlaka ya kugawa hata ekari moja, na karatasi yenye mhuri na saini yake tu haina nguvu ambayo wanunuzi wengi wanadhani inayo. Mwombaji anashauriwa kuomba kuona muhtasari wa mkutano mkuu pamoja na orodha ya mahudhurio, kisha kulinganisha eneo analoonyeshwa na ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, pale ambapo mpango huo umeandaliwa.

Hata aliyepata ardhi kihalali anabanwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Ndani ya msitu wa hifadhi, kulima, kulisha mifugo, kujenga au kukata miti bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na adhabu yake ni faini, kifungo au vyote viwili. Kusema kwamba hukuona bango la mpaka hakukuondolei kosa. Mipaka hiyo isiulizwe kwa dalali; iulizwe kwa afisa ardhi wa halmashauri ya wilaya au katika ofisi ya hifadhi husika kabla ya malipo yoyote kufanyika.