Je, wajua kwa nini herufi za mabango huwa na miguu minene?

Tazama neno HONDA kwenye jenereta. Kila nguzo ya H imekanyaga kibao kinene, kimekatwa mraba, unene wake unakaribia wa nguzo yenyewe. Neno SONY nalo ni la ukoo huo huo.

Vibao hivyo havikuwekwa kwa ajili ya urembo. Mwanzoni mwa karne ya 19 kuta za London zilijaa mabango ya bahati nasibu, maonyesho na bidhaa, kila moja likigombea macho ya mpita njia. Wachapaji walichukua herufi za vitabuni wakazinenepesha, lakini walinenepesha nguzo tu. Ncha zikabaki nyembamba kama unywele. Ukiwa ng'ambo ya barabara unywele huo huuoni, na herufi inabaki vipande. Katika miaka ya 1810 Vincent Figgins, aliyekuwa na kiwanda cha kusubu herufi hapo London, alitoa aina ambayo ncha zake nazo ni nene. Sasa herufi nzima ilionekana kwa mbali.

Ulaya wakati huo ilikuwa imepagawa na mambo ya Misri baada ya vita vya Napoleon huko Misri, basi herufi hizi zikaitwa za Kimisri. Hazina lolote la Misri, ila biashara ni biashara: hata mwaka 1929 Wajerumani walitoa moja wakaiita Memphis, jina la mji wa kale wa Misri.

Marekani ndiko zilikopata ukubwa wa kweli. Herufi kubwa ya madini ya risasi ni nzito na ghali. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alianza kuzichonga kwa wingi kwa mashine, kwenye mbao, na umbo nene lilistahimili kishindo cha mtambo kuliko ncha nyembamba.

Mwaka 1845 ikaja Clarendon ya Robert Besley, ambayo vibao vyake vimeunganishwa na nguzo kwa mkunjo laini. Hii ilitengenezwa ikae ndani ya maandishi ya kawaida, mathalani kwenye kamusi, ili neno linalofafanuliwa lionekane mara moja. Besley aliisajili, akalindwa miaka 3 tu. Ulinzi ulipokwisha, wenzake wakainakili bila haya.

Kwa kichwa cha habari, jina la duka au tarehe ya mkutano, mimi ningechagua Rockwell nene, fonti ya ukoo huu, bila kusita. Aya nzima, hapana: weusi unakuwa mwingi, na zikipunguzwa sana matundu ya e na a huziba wino.

Taipureta ina sababu yake nyingine ya kutumia vibao hivi. Pale kila herufi hupewa nafasi sawa, iwe pana au nyembamba. Andika "mimi" kwa fonti ya Courier: m imebanwa, na i imetandaza kibao chake kulia na kushoto ili nafasi yake isibaki tupu.