Je, wajua kwa nini magofu ya Pemba yako mwisho wa njia za baskeli?

Mgeni anayeshuka bandarini Mkoani, akapanda gari hadi Chake Chake, kisha Wete, kisha Konde, anaweza kukimaliza kisiwa cha Pemba kutoka kusini hadi kaskazini bila ya kuona hata ukuta mmoja wa ile miji ya kale inayotajwa katika historia ya pwani yetu. Ataona mikarafuu na minazi, ataona mabonde ya mpunga, na ikiwa ni msimu ataona majamvi ya karafuu yaliyoanikwa pembezoni mwa lami. Magofu hatayaona. Ras Mkumbuu iko kwenye ncha ya rasi ndefu, magharibi ya Chake Chake. Pujini iko upande wa mashariki, karibu na mikoko. Chwaka, penye kaburi la Haruni, iko kaskazini mashariki, jirani na Tumbe, nyuma ya makonde ya muhogo. Ili kuyafikia yote matatu inabidi kuiacha barabara kubwa na kushika njia za udongo, na penginepo vijia vya mguu, ambamo chombo kinachofaa kuliko vyote ni baskeli. Kwa nini iwe hivyo?

Sababu ni kwamba waliojenga miji ile na waliokata barabara hizi walikuwa na shughuli mbili tofauti, na kila mmoja alikifuata kisiwa kwa upande wake. Mji wa kale wa Waswahili ulikaa pale ambapo jahazi linaweza kutia nanga na mtumbwi unaweza kupanda mchangani. Kwa watu wa Ras Mkumbuu, ile ncha ya rasi ambayo sisi leo tunaiona kuwa mbali na kila kitu ndiyo iliyokuwa mlangoni: nahodha aliuona mji kabla ya kuona kitu kingine chochote, na bidhaa hazikuhitaji kubebwa zaidi ya hatua chache. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta huko Tumbe makazi ya watu tangu karne ya 7 hadi ya 10, na Chwaka ikaendelea hapo jirani hadi karne ya 16. Al-Mas'udi, msafiri wa Baghdad aliyefika pwani hii mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika juu ya kisiwa cha Qanbalu chenye Waislamu, na wanahistoria wengi wanakihusisha na Pemba. Katika karne zote hizo, barabara ya Mpemba ilikuwa maji.

Karafuu ndiyo iliyoupindua mwelekeo huo. Mche huu uliletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na wakati wa Seyyid Said mashamba yakaenea Unguja na Pemba. Kisha mwaka 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, wakati Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa shamba kuu la karafuu. Sasa mkarafuu hautaki ncha ya rasi yenye mawe na upepo wa chumvi. Unataka udongo mzito wa vilimani, na vilima vya Pemba viko katikati na magharibi, huku mashariki kukiwa na uwanda wa maweni ambao udongo wake ni haba. Utajiri ulipohamia vilimani, watu waliufuata. Barabara zilipokuja kukatwa, zilikatwa kwa ajili ya kuishusha karafuu kutoka mashambani hadi bandari tatu za magharibi, Mkoani, Chake Chake na Wete, na kuziunganisha bandari hizo. Miji ya kale ilikuwa imeshahamwa muda mrefu, na hakuna gunia lililokuwa likisubiri kule. Kwa hiyo lami ikapita mbali nayo, na inapita mbali hadi leo.

Vile vijia vilivyobaki kati ya barabara na magofu navyo vina asili yake. Katika nchi nyingine, njia ndefu za baskeli zisizo na magari mara nyingi ni reli zilizokufa: nchini Uingereza, kwa mfano, njia ya kutoka Bristol hadi Bath ilitengenezwa kati ya mwaka 1979 na 1986 juu ya tuta la reli ya zamani. Zanzibar nayo iliwahi kuwa na reli, ile ya kutoka mjini hadi Bububu iliyoanza kazi mwaka 1905, lakini iling'olewa, na mwendesha baskeli wa leo huifikia Bububu kwa barabara iliyojaa magari. Pemba haikupata urithi wa namna hiyo. Njia zake za ndani zilichongwa na miguu ya wachumaji waliobeba mapakacha kutoka mikarafuuni hadi kambini, na baadaye na magari ya ng'ombe, ambayo mpaka sasa hubeba makuti, mawe, kuni na mavuno. Ukiiangalia njia ya gari la ng'ombe kwa karibu utaona mifuo miwili iliyokatwa na magurudumu, na katikati yake utepe wa majani mafupi. Mfuo mmoja unatosha baskeli. Mara nyingi huwa umeshindiliwa na kuwa laini kama sakafu, kwa sababu waendao skuli, shamba na pwani wote huushika huo huo.

Nimeikumbuka sana hali hiyo katika njia ya Pujini, kilomita zipatazo 10 kusini mashariki ya Chake Chake. Mtu akitoka mjini hupanda na kushuka bila ya kupumzika, kwani vilima vya Pemba si virefu lakini vimesimama, na baina ya kila viwili mna bonde. Katika bonde moja kijia kilikatika kwenye mtaro wa maji ya mpunga, na daraja lake lilikuwa gogo moja la mnazi lililochongwa ubapa juu. Mzee aliyekuwa akipalilia aliniambia, "Ichukue begani, mwanangu, usiikokote, gurudumu litakuvuta majini." Nikaitia baskeli begani, mnyororo ukaniachia mstari mweusi wa girisi kwenye kanzu, na nikavuka. Gari lolote lingeishia pale. Upande wa pili udongo ulianza kubadilika kutoka mwekundu kuwa wa kijivu, mikarafuu ikapungua, na hewa ikaleta harufu ya matope ya mikoko.

Pujini panastahili taabu hiyo yote, nami nasema hivi nikijua kwamba mwenye haraka anaweza kuona vichaka na maboma ya udongo tu. Ni ngome ya karne ya 15, na katika pwani yetu ngome ya namna ile iliyojengwa kabla ya kuja kwa Wareno ni jambo la nadra mno. Masimulizi ya Kipemba huihusisha na Mohammed bin Abdulrahman, mtawala aliyepewa lakabu ya Mkama Ndume, yaani mwenye kuwakama wanaume kama wanavyokamwa ng'ombe, kwa jinsi alivyowatumikisha watu. Husimuliwa kwamba aliwabebesha mawe ya ujenzi huku wakijiburura kwa makalio. Pana kisima kilichokatwa kwa ukuta katikati, na wasimulizi husema ukuta ule uliwekwa ili wake zake wawili wasikutane wanapoteka maji. Ukisimama pale ndipo unapoelewa swali letu kwa macho: ngome iko ndani kidogo kutoka ufukweni, lakini mfereji uliwezesha vyombo vidogo kuingia kutoka baharini na kuikaribia. Mlango wa Mkama Ndume ulikuwa mkondo wa maji. Sisi tunaokuja kwa njia ya mashamba tunaingia kwa nyuma.

Msitu nao umesalia kwa hesabu ile ile ya karafuu. Zamani sehemu kubwa ya magharibi ya Pemba ilikuwa msitu mnene, nao ukafyekwa ili kupisha mashamba; kilichobakia kikubwa ni Ngezi, huko kaskazini magharibi, mbele ya Konde. Sehemu ya ardhi yake ni mchanga mweupe, usio na rutuba ya kumvutia mkulima. Leo ni hifadhi, na mgeni hulipa kiingilio kwenye ofisi ya msitu kabla ya kuendelea. Njia ya udongo huupasua msitu kuelekea pwani ya Vumawimbi na Ras Kigomasha, na magari yanayopita humo ni machache kiasi kwamba mtu husikia kwanza ndege, kisha majani, kisha mlio wa mnyororo wake mwenyewe. Joto hushuka ghafla pale miti inapofunga juu. Humo mna mivule mirefu, mna mpapindi, mnazi wa mwitu ambao asili yake ni Pemba, na mna popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapatikani popote pengine duniani. Popo hao waliwindwa hadi wakabaki wachache sana mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha wanavijiji wakashika ulinzi wao wenyewe, na kufikia mwaka 2007 walihesabiwa kuwa zaidi ya 20,000. Mtu wa baskeli huwapita wakiwa wamening'inia mitini bila ya kuwashtua, jambo ambalo injini haiwezi.

Huzungumzwa mara kwa mara kwamba magofu yetu yangepata wageni zaidi iwapo lami ingefikishwa mpaka mlangoni. Naielewa hamu hiyo, na wanakijiji wana haki ya barabara nzuri ya kupelekea wagonjwa hospitali. Hata hivyo ningependa hatua ya mwisho, ile inayoingia kwenye magofu yenyewe, iachiwe miguu na baskeli. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zimeshachokeshwa na mizizi na mvua, na mahali ambapo lori linafika ndipo mawe ya kale hugeuka mawe ya msingi wa nyumba mpya.

Kwa atakayeijaribu safari, wakati mzuri ni kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti. Wakati wa masika udongo mwekundu hugeuka ulimbo: hujaa baina ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka, na mtu akabaki kuikwangua baskeli kwa kijiti kila baada ya hatua mia. Ni uungwana pia kumsalimia sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mahali, na kumweleza unakokwenda, na yeye ndiye atakayekuonesha kijia kilicho wazi mwaka huo.

Ras Mkumbuu iwekwe siku yake peke yake. Njia huanza upana wa gari, ikawa upana wa ng'ombe, na mwisho ikawa upana wa mtu, bahari ikiwa kulia na kushoto, hadi unapofika kwenye msikiti wa karne ya 14 na makaburi ya nguzo. Uliza kwanza habari za maji, hasa siku za bamvua, bahari inapojaa sana, na uanze kurudi mapema alasiri, kwani huko jua likishatua hakuna taa mpaka karibu na Wesha.