Sepsisi na nimonia kali: tunayoambiana barazani Mombasa, na ukweli wake

Ukienda kumtazama mgonjwa Majengo au Kisauni, hukosi kuwakuta watu barazani, na kila mmoja ana lake la kusema juu ya ugonjwa. Husema kwa mapenzi. Miaka niliyofanya uuguzi imenifunza kuwasikiliza kwanza, kwa kuwa maneno yale ndiyo huamua kama mgonjwa ataletwa leo au keshokutwa. Kwa sepsisi, kati ya leo na keshokutwa mtu hufa. Nayachukua hapa machache ninayoyasikia mara kwa mara.

"Damu yake imeingia sumu"

Watu huiona sepsisi kama uchafu uliomwagika kwenye damu, ambao ukisafishwa mambo yamekwisha. Ni kweli bakteria huweza kuingia katika damu. Lakini wagonjwa wengi wa sepsisi, damu yao ikioteshwa maabara, haioti kitu. Tangu 2016 wataalamu huieleza hivi: viungo vya mwili vinashindwa kazi, hata kuhatarisha maisha, kwa sababu mwili umeyajibu maambukizi kwa namna iliyokwenda kombo. Maambukizi yenyewe yanaweza kuwa mahali pamoja tu, na mara nyingi mahali hapo ni mapafu. Si bakteria peke yao, pia. Virusi vya mafua makali na vya korona, na hata vimelea vya malaria, huweza kumfikisha mtu huko.

Makadirio ya mwaka 2017 yalikuwa wagonjwa milioni 48.9 duniani, na vifo milioni 11. Karibu nusu ya wagonjwa hao ni watoto.

"Kinga yake ni ndogo, tumwongezee"

Hapa ndipo penye kosa kubwa, na nitakaa hapa kidogo.

Fikiria jipu. Pale lilipo pamevimba, pana joto, panauma. Mdudu ameingia, na chembe za kinga zimetoa saitokini, kemikali ambazo chembe hizo hutumia kuitana. Mishipa midogo ya pale imepanuka na kulegea ili chembe nyeupe zipite zikapigane. Yote hayo ni heri, maadamu yamebaki pale kwenye jipu.

Katika sepsisi, mambo ya jipu hutokea mwili mzima. Mishipa hulegea kila mahali, ikawa kama dau lililotoka kalafati: maji ya damu yanavuja kwenda nje ya mishipa na presha inashuka. Damu nayo huganda vipande vidogo vidogo ndani ya mishipa myembamba, oksijeni isifike kunakotakiwa. Figo zinaacha kutoa mkojo, ubongo unachanganyikiwa. Kwenye mapafu, vifuko vya hewa hujaa majimaji, na mgonjwa anavuta pumzi kwa nguvu zake zote bila kupata hewa ya kumtosha.

Na wakati huohuo, upande wa pili wa kinga umeanguka. Limfosaiti, ambazo ni miongoni mwa chembe nyeupe muhimu zaidi, hufa kwa wingi. Monosaiti, chembe nyeupe za aina nyingine, hubaki zipo lakini hazijibu tena zikiitwa. Basi mtu yuleyule mmoja ana kinga iliyowaka kupita kiasi na kinga iliyochoka. Ndiyo maana aliyeokoka siku za mwanzo huweza kupata maambukizi mapya juma la pili, na virusi vilivyokuwa vimelala mwilini, kama vile vya hepesi, vikaamka.

Sasa niambie: kwa mtu wa namna hiyo, "kuongeza kinga" ni kuongeza nini?

Kijana mmoja alimleta mamake siku ya nne ya kikohozi. "Tulikuwa tunampa asali na habasoda, sista," akaniambia, "tukingoja kinga ipande." Bi mkubwa alikuwa anapumua mara 34 kwa dakika, na mikono baridi. Sikumlaumu yule kijana hata kidogo, alifanya alichofunzwa na wakubwa wake. Mimi mwenyewe sikosi chai ya tangawizi nikiwa na mafua. Lakini hakuna asali, habasoda wala mwarobaini uliothibitika kutibu sepsisi, na zile siku alizongoja ndizo siku ambazo antibiotiki na oksijeni vingemfaa zaidi.

Ukitaka kweli kuongeza kinga, iko chanjo. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya nimokoka, bakteria mkubwa wa nimonia, mwaka 2011. Watafiti walifuatilia Kilifi, jirani zetu hapa, na ugonjwa mkali wa aina zile zilizomo kwenye chanjo ulipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Chanjo huifunza kinga mapema, kabla ya vita.

"Kama kinga ndiyo inayodhuru, izimwe basi"

Hili limekuja na korona. Tangu hapo watu huingia duka la dawa wakaulizia "deksa", yaani deksamethasoni, dawa ya kutuliza kinga, kwa kikohozi chochote.

Miaka ya 1990 zilijaribiwa dawa za kuzuia baadhi ya saitokini kwa wagonjwa wa sepsisi, kwa matumaini makubwa, na hazikuleta wokovu uliotarajiwa. Kisha Juni 2020 yakatoka matokeo ya utafiti wa RECOVERY wa Uingereza kuhusu deksamethasoni. Kwa wagonjwa wa korona waliokuwa wakipumua kwa mashine, vifo vilipungua kwa thuluthi moja. Kwa waliokuwa kwenye oksijeni tu, kwa moja ya tano. Kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni, hakukuwa na faida yoyote, na zilikuwapo dalili kwamba huenda iliwadhuru.

Dawa ni ileile, ugonjwa ni uleule, kilichobadilika ni wakati. Siku za mwanzo kirusi bado kinazaana na kinga ndiyo ngao yako. Ukiizima, umekifungulia mlango. Kwa mwenye kisukari, na majumbani mwetu tunao wengi, dawa hiyo pia hupandisha sukari. Tafadhali usiinunue bila kuandikiwa.

"Hana homa, hali si mbaya"

Kichanga na mzee wanaweza kuwa na sepsisi mwili ukiwa baridi. Mimi hutazama kwanza pumzi. Hesabu kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia: mara 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, mara 50 kuanzia miezi 2 hadi mwaka, mara 40 kuanzia mwaka 1 hadi 5, huyo anapumua mbio. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, usingoje asubuhi. Kwa mtu mzima, tazama akianza kusema ovyo, akikaa kutwa bila kukojoa, au asimalize sentensi bila kuhema. Kwa ngozi zetu nyeusi, rangi itazame kwenye midomo, fizi na viganja.

"Mwambieni daktari amtundikie dripu nyingi"

Jamaa hutuomba hivi kila siku, nasi zamani tuliamini vivyo hivyo. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu. Waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi: ndani ya saa 48, kama 10.5 kwa kila 100, dhidi ya 7.3 kwa wale ambao hawakumiminiwa. Dunia ya tiba ilishtuka.

Watoto wenye kuharisha sana hawakuwemo katika utafiti huo, hao wanahitaji maji na wapewe. Lakini ukiona muuguzi anahesabu matone ya dripu ya mwanao mwenye sepsisi, usidhani anamnyima.

"Ametoka hospitali, amepona"

Yule bi mkubwa alilala wodini majuma matatu. Mwezi mmoja baadaye mwanawe alikuja kuniuliza mbona mama hawezi kupanda ngazi za nyumba yao Mji wa Kale, na mbona anasahau majina ya wajukuu. Nikamweleza kwamba baada ya sepsisi misuli hubaki dhaifu na kumbukumbu huyumba, pengine kwa miezi, na kwamba kinga iliyochoka hairudi siku ya kutoka wodini. Nikamwomba, mama akianza kukohoa tena kabla mwaka haujaisha, amlete siku hiyohiyo. Alimleta mwezi wa tatu, siku ya kwanza ya kikohozi. Safari hii alitembea mwenyewe hadi kitandani.