Mchango Si Bei: Yaliyowapata Vijana wa Sinza na Chombo Chao cha Anga

Walikuja watatu, Jumanne asubuhi, wamebeba boksi kubwa, wakalitua juu ya meza yangu taratibu kama wanaolaza mtoto. "Shikamoo mama." "Marahaba, karibuni." Mkubwa wao, fundi simu wa Sinza, hakuzunguka. "Mama, tumepigwa," akasema, akafungua boksi.

Ndani mlikuwa na chombo cha anga, mfano wa meli ya kwenye filamu wanayoipenda tangu wakiwa shule ya msingi. Urefu wake sentimita 70. Waliochanga walikuwa watano. Wawili walikuwa kazini siku hiyo. Machi 2022 kila mmoja alitoa fungu lake, wakaingiza kwenye kadi ya Visa ya mmoja wao, wakachangia Dola 400 kwa kikundi cha wabunifu wa ng'ambo kilichokuwa kikikusanya fedha mtandaoni ili kutengeneza mifano hiyo. Waliahidiwa kuipata baada ya miezi 14. Boksi liliwafikia Mei 2024.

Kazi yangu ni kuelimisha walaji. Ninaletewa zaidi friji zilizokufa ndani ya wiki na viatu vilivyoachia soli. Meli ya angani ilikuwa ya kwanza, lakini kijana aliyejinyima miezi minne ili apate kitu anachokipenda anastahili kusikilizwa sawa na aliyenunua friji. Na kwa kuwa sasa nakutana na wengine waliochangia saa, spika na michezo ya mezani kwa njia hiyohiyo, naona jambo hili liandikwe.

Walinionyesha picha ya mradi kwenye simu, kisha tukaitazama meli yenyewe. Kwenye picha, bodi ilikuwa na kijivu cha aina nne kilichopishana, masizi karibu na injini, na mistari ya vibati iliyochimbwa hadi unaona kivuli ndani yake. Iliyofika ilikuwa kijivu kimoja. Masizi yalikuwa stika, na moja ilishaanza kunyanyua ncha. Mistari ilikuwa hafifu kama imekwaruzwa kwa msumari. Mdogo wao akavuta pazia, akazima taa ya ofisi, akabonyeza swichi chini ya tumbo la meli. Injini ziliwaka samawati, za kupendeza kweli. Lakini mwanga huohuo ulipenya kwenye mshono wa ubavuni, mstari mmoja mrefu toka puani hadi mkiani, na plastiki ya pembeni ikang'aa yote kama ndoo nyeupe iliyowekewa tochi ndani. Halafu miguu ya kutulia: mitatu, na wa nyuma kushoto ulishaanza kupinda. Ukurasa wa mradi ulikuwa umesema miguu ni ya chuma.

"Hii siyo meli tuliyoinunua," akasema mdogo wao, bado gizani.

Neno hilo, kununua, ndilo lililowaponza. Kila mkazi wa Dar es Salaam anaijua kadi ya mchango wa harusi. Ukichangia laki moja unatarajia kukaa kwenye meza yako na kula pilau, lakini hujanunua sahani ya pilau. Nyama ikipungua, huendi kwa mwenyekiti wa kamati kudai kilo zako. Michango ya mtandaoni imejengwa kwa mtindo wa karibu na huo. Kickstarter, jukwaa linalojulikana zaidi, lilianza New York Aprili 2009, na Septemba 2012 wenyewe walitoa tamko kuwa Kickstarter si duka. Unampa mbunifu fedha akatengeneze kitu ambacho bado hakipo. Mbunifu anabeba wajibu wa kukamilisha kazi na kukuletea ulichoahidiwa. Jukwaa halikudhamini wala halikurudishii fedha. Mradi ukifikia lengo, linakata asilimia 5 ya makusanyo na linabaki pembeni. Tena kamati ya harusi unaijua, mwenyekiti anakaa mtaa wa tatu. Huyu mbunifu unamjua kwa video ya dakika tatu.

Mwezi uleule wa Septemba 2012, Kickstarter ilipiga marufuku miradi ya vifaa kutumia picha za kompyuta zinazofanana na picha halisi, maana watu walikuwa wakiziona na kuamini kitu kimeshatengenezwa. Marufuku ile ilikuwa ya haki kabisa. Lakini picha waliyoiona vijana wangu haikuwa ya kompyuta. Ilikuwa picha ya kweli, ya meli ya kweli. Hapa ndipo ningependa msomaji akae nami kidogo, kwa kuwa masikitiko mengi ya wachangiaji yanazaliwa hapa, hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kumdanganya mtu.

Meli ya kwenye picha ni sampuli. Ipo moja, labda mbili. Imetengenezwa kwa mkono au kwa mashine ya kuchapa vitu, ikapigwa msasa siku kadhaa, kisha mchoraji mwenye kipaji akaipaka rangi tabaka kwa tabaka kwa brashi ndogo. Kazi kama ile ya wachongaji wetu wa Mwenge: mpe fundi mpingo na muda, atakutolea kitu ambacho pacha wake hayupo duniani. Kiwanda hakifanyi hivyo. Kiwanda kinachonga kalibu ya chuma, kinayeyusha plastiki, kinaisukuma ndani ya kalibu kwa nguvu, inapoa, inatolewa, inaingia nyingine. Kalibu za kitu kikubwa chenye vipande vingi hugharimu maelfu mengi ya Dola kabla meli ya kwanza haijatoka, ndiyo maana wabunifu wadogo wanachangisha.

Sasa kalibu ina masharti yake. Ili kipande kitoke bila kukwama, kuta zake lazima zilale kidogo na mistari isiwe ya kina sana. Aliyewahi kufyatua matofali anaelewa ninachosema. Meli lazima itoke nusu mbili zinazounganishwa, kwa hiyo mshono upo, na asipopatikana mtu wa kuusaga na kuupaka rangi, utauona maisha yako yote. Rangi nne zinakuwa moja kwa sababu kila rangi inayoongezeka ni mkono mwingine wa mfanyakazi juu ya kila meli. Masizi yanageuka stika. Plastiki nayo inapitisha mwanga: kwenye sampuli mtu alikumbuka kupaka ndani rangi nyeusi, kiwandani hatua hiyo ikafutwa kubana gharama.

Miguu ina hesabu yake. Ukirefusha meli mara mbili bila kubadilisha umbo, uzito haupandi mara mbili. Unapanda mara nane, kwa kuwa umeongeza urefu, upana na kimo kwa pamoja. Eneo la mkato wa mguu, lile linalobeba mzigo, limepanda mara nne tu. Kwa hiyo mguu uliosimama imara kwenye mfano wa sentimita 35 unalemewa kwenye mfano wa sentimita 70, na ukiwa wa plastiki, ndani ya chumba cha Sinza mwezi Februari saa nane mchana, utapinda polepole. Wabunifu waliijua hesabu hiyo, ndiyo maana mwanzoni waliandika chuma.

Nikawauliza lini chuma kilibadilika kuwa plastiki. Hawakujua. Tukafungua barua pepe, tukazipata taarifa za mradi zaidi ya ishirini, nyingi hazijafunguliwa. Ya kumi na nne ilieleza: kiwanda kimepandisha bei, miguu itakuwa ya plastiki ngumu, na asiyekubali aandike ndani ya wiki mbili. Walisoma zile zenye picha tu. Siwalaumu, ni vijana wenye shughuli, lakini barua ile ilikuwa na thamani kuliko video yote ya mradi.

Isifikiriwe kwamba wao ndio walioumia kuliko wote. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania uliotolewa mwaka 2015 ulikuta kwamba takriban asilimia 9 ya miradi iliyofikia lengo Kickstarter haikuwaletea wachangiaji walichoahidiwa. Mwaka 2014 mradi wa kasha la kubaridisha vinywaji, Coolest Cooler, ulikusanya zaidi ya Dola milioni 13 kutoka kwa watu zaidi ya 62,000. Ulipofungwa mwaka 2019, takriban watu 20,000 walikuwa hawajapata kitu. Mwaka 2015 Tume ya Biashara ya Marekani ilichukua hatua kwa mara ya kwanza dhidi ya mtu aliyechangisha kwa njia hii, aliyekusanya zaidi ya Dola 122,000 kwa ajili ya mchezo wa mezani wenye sanamu ndogo, fedha nyingi akazitumia kwa mambo yake. Aliamriwa alipe karibu Dola 112,000, na amri ikasitishwa kwa kuwa hana cha kulipa. Hiyo ni kwao, ambako sheria na mkosaji wako nchi moja.

Makampuni makubwa yenye viwanda na leseni yana rekodi nzuri zaidi. Hasbro, kampuni ya Marekani ya vitu vya kuchezea, kupitia mpango wake wa kuchangisha uitwao HasLab, mwaka 2020 iliomba watu 6,000 kwa ajili ya mfano wa Razor Crest, chombo cha anga cha tamthilia ya The Mandalorian; wakajitokeza zaidi ya 28,000, na kilitengenezwa. Mwaka uliofuata mradi wao mwingine ulihitaji watu 9,000, haukufika, ukafutwa. Leseni ina uzito wake pia. Meli ya filamu ina mwenyewe, na mbunifu asiye na ruhusa anaweza kusimamishwa na wanasheria katikati ya njia, fedha zikiwa zimeshaingia kwenye kalibu. Ukurasa usiotaja leseni popote, mimi ningeufunga.

Kuna gharama nyingine ambayo wengi hawaihesabu. Dola 400 haikuwa gharama ya kuifikisha meli Dar. Nauli ya mzigo ilitozwa baadaye, Dola 120. Mzigo ukifika, Forodha hawaangalii bei ya kitu peke yake; wanajumlisha na usafirishaji na bima. Viwango vya ushuru wa forodha vya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 0, 10, 25 na 35, kulingana na aina ya bidhaa. Tuchukue 25 kwa mfano tu, tuache bima: asilimia 25 ya Dola 520 ni 130, jumla 650. Juu yake VAT ya asilimia 18, ambayo ni 117. Umefika Dola 767 kabla ya tozo ndogondogo. Vijana wangu walifika posta wakiwa na nauli ya daladala, wakarudi Sinza kuchangishana upya.

Sasa niseme jambo lililoniuma zaidi. Anayelipa kwa kadi ya Visa anaweza kuiomba benki yake ipinge malipo iwapo bidhaa haikufika au imefika tofauti na ilivyoelezwa. Kwa kawaida ana siku 120, zinazohesabiwa tangu siku aliyopokea au siku aliyotakiwa kupokea, lakini kwa vyovyote isizidi siku 540 tangu malipo yalipofanyika. Benki inaweza kukubali au kukataa, ila mlango upo. Tukachukua kalenda. Walilipa Machi 10, 2022. Siku ya 540 iliangukia Septemba 1, 2023. Mwezi Agosti 2023 walipokea taarifa iliyowaomba radhi kwa kuchelewa na kuwasihi wavumilie miezi mitatu tu. Wakavumilia, kwa moyo safi kabisa. Mlango ukafungwa wakiwa wanasubiri.

Kwa hiyo ninayemshauri leo namwambia aandike tarehe mbili kwenye simu siku ileile anayochangia: siku aliyoahidiwa kupokea, na siku ya 540. Apige picha ya skrini ya ukurasa wote, hasa sehemu inayotaja malighafi na vipimo, kwani kurasa hubadilishwa. Miezi miwili kabla ya tarehe ya pili aamue, akiwa na barua zote mkononi, kama anaendelea kumwamini mtu yule. Kwa bidhaa zilizonunuliwa hapa nyumbani ipo Tume ya Ushindani na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na nawahimiza watu waitumie. Kwa mbunifu aliye ng'ambo, benki yako iko karibu zaidi.

Tuliandika barua kwa wabunifu tukiambatanisha picha sita, pamoja na ile ya gizani. Walijibu baada ya wiki tatu, wakatoa pole na mguu mmoja wa ziada, wa plastiki ileile. Fundi simu akaamua kufungua nusu mbili za meli na kupaka ndani rangi nyeusi mwenyewe, na miguu mitatu ya chuma akawapa mafundi wa mtaa wa Gerezani wamchongee. Nimeiona kibandani kwake. Mwanga haupenyi tena ubavuni.

Lakini mwenzao wa tano anataka fungu lake lirudishwe, Dola 80 na sehemu yake ya ushuru. Anasema yeye alichangia meli ya kwenye picha. Hawakuwa wameandikiana chochote, na siku niliyopita pale walikuwa bado wanabishana nani amlipe.