Sadako alimaliza korongo wake elfu

Wengi wanaomfahamu Sadako Sasaki wanamfahamu kwa namba moja: 644. Hadithi iliyochapishwa Marekani mwaka 1977 inasema binti huyu wa Hiroshima, Japani, akiugua saratani ya damu, aliamini kwamba akikunja korongo elfu moja wa karatasi, wale ndege wenye miguu mirefu, atapona. Akafika 644, nguvu zikamwishia, wanafunzi wenzake wakamalizia 356 waliobaki. Ni hadithi inayoliza. Lakini kaka yake, Masahiro, anasema vingine, na Makumbusho ya Amani ya Hiroshima nayo hivyo hivyo: elfu ilitimia, na Sadako akaendelea kukunja.

Mimi ni muuguzi wa watoto wenye saratani, na tofauti hiyo naiona kubwa mno. Mtoto aliyeishiwa nguvu njiani ni mmoja. Mtoto aliyemaliza, akaona hajapona, akachukua karatasi nyingine na kuanza tena, ni mwingine kabisa. Huyu wa pili ndiye ninayekutana naye wodini.

Sadako alizaliwa tarehe 7 Januari 1943. Bomu la atomiki lilipoangushwa tarehe 6 Agosti 1945 alikuwa nyumbani kwao, chini ya kilomita mbili kutoka lilipolipukia. Hakuungua. Alikua vizuri, akawa mkimbiaji hodari wa mbio za kupokezana vijiti shuleni. Mwishoni mwa 1954 akavimba shingoni na nyuma ya masikio, na mapema 1955 miguuni zikatokea alama za zambarau.

Wazazi, hapo nawaomba msome taratibu. Damu hutengenezwa kwenye uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa. Saratani ikiingia humo, chembe nyeupe changa zisizofanya kazi huongezeka na kuzinyima nafasi zile nzima. Zikijazana kwenye tezi, tezi zinavimba. Chembe sahani, ambazo kazi yake ni kugandisha damu, zikipungua, damu inavujia chini ya ngozi hata kama mtoto hakuanguka wala kugongwa. Ukiona uvimbe shingoni usioisha, mabaka yasiyo na sababu, homa za kurudiarudia, na viganja vimepauka, mpeleke mtoto hospitali akapimwe damu. Msimalizie mwezi mzima kwa dawa za malaria.

Kwa Sadako chanzo kilikuwa mionzi. Kwa walionusurika bomu, saratani ya damu ilianza kuonekana miaka michache tu baadaye, na waliokuwa watoto wadogo siku ile ndio walioathirika zaidi. Alilazwa Hospitali ya Msalaba Mwekundu ya Hiroshima tarehe 21 Februari 1955. Wazazi wakaambiwa hatazidi mwaka. Dawa za wakati ule zilisogeza siku mbele, hazikuponya. Leo, kwenye nchi zenye uwezo, aina ya saratani ya damu inayowapata watoto wengi zaidi hupona kwa karibu watoto 9 kati ya 10.

Agosti ya 1955 wanafunzi wa mji wa Nagoya walituma korongo wa karatasi kwa wagonjwa, na Sadako akaanza kukunja wake. Karatasi nzuri ilikuwa adimu. Alitumia vikaratasi vilivyofungiwa dawa, akapita vyumba vya wagonjwa wengine akiomba karatasi za zawadi. Baadhi ya korongo aliwakunja kwa ncha ya sindano, wadogo kiasi kwamba vidole peke yake visingeweza. Mtoto anayeumwa hupangiwa kila kitu: saa ya kula, mkono wa kuchomwa, siku ya kurudi nyumbani. Kitu anachokitengeneza mwenyewe kinabaki chake. Ndiyo maana rangi na karatasi wodini kwangu si anasa, nazidai kama ninavyodai dawa ya maumivu.

Na kuna jambo ambalo hadithi nyingi hulipita. Sadako hakuambiwa jina la ugonjwa wake. Baada ya kufa kwake vikapatikana vikaratasi alivyokuwa ameandika kwa siri majibu ya vipimo vyake vya damu. Alikuwa akifuatilia, na alinyamaza ili asiwaumize wazazi. Wema wa namna hii nimeuona kwa watoto wengi, na ni mzigo mzito kwa mtoto kuubeba peke yake. Tunapomficha, naye anatuficha. Mwambieni kwa maneno ya umri wake, halafu mkae naye.

Alifariki asubuhi ya tarehe 25 Oktoba 1955, akiwa na miaka 12. Baba yake alimbembeleza ale. Akaomba wali uliomwagiwa chai, akala kidogo, akasema ni mtamu.

Wenzake wa darasani walianza kuchangisha fedha mwezi uliofuata. Shule zaidi ya 3,000 za Japani zilichangia, na tarehe 5 Mei 1958 sanamu ya watoto ikazinduliwa kwenye Bustani ya Amani. Nayapenda sana waliyoyafanya watoto wale. Lakini bila Masahiro kusema alichokiona, tungebaki na dada yake aliyeshindwa.

Kwetu huku, msiba wa mtoto mara nyingi hufungwa haraka. Mama huambiwa asilie, Mungu atampa mwingine, na baada ya arobaini hata jina halitajwi tena. Mzazi akiwa tayari, mimi hukaa naye tukaandika: mtoto alipenda kutengeneza nini, kwa vitu gani, alimpa nani, kipi kilimkasirisha. Tunaweka tarehe. Michoro yake tunaiandika nyuma alichosema kuihusu. Halafu naomba niongee na ndugu zake pia, hata wale wadogo, kwa sababu aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja anajua mengi ambayo mama hakuwahi kuyasikia. Mara nyingi hakuna aliyemuuliza.